Chuma Kilichoshuka Milimani: Habari za Wahunzi na Visu vya Rungwe

Leo twataka kueleza habari za kitu ambacho hakikosi katika nyumba yo yote ya Rungwe, wala hakifikiriwi ila siku kinapopotea. Kitu hicho ni kisu. Hatusemi habari za kisu cha mezani. Twasema visu vya nje: panga la kufyekea, mundu wa kukatia majani ya ng'ombe, kisu kifupi cha kukatia mkungu wa ndizi na kuchinjia mbuzi, na kile cha kupogolea chai.

Twauliza swali moja tu: chuma cha visu hivi kilitoka wapi, na ni nani waliokifua? Swali laonekana dogo, lakini katika kulijibu tutakutana na majirani wawili waliohitajiana, na kazi moja iliyokufa, na kazi nyingine iliyokataa kufa. Twawaomba wanafunzi hasa wasikilize. Katika vitabu vya historia husomwa sana habari za vita na za watawala, na habari za mhunzi huachwa nje pamoja na makaa yake.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Mlima Rungwe, wenye urefu wa mita 2,960 hivi, ulikuwa mlima wa moto zamani, na udongo wake ni mweusi wenye rutuba. Mawingu yatokayo upande wa Ziwa Nyasa hugonga milima na kumwaga mvua yake, na mahali pengi pa Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kwa hiyo migomba husitawi, na mianzi, na majani yasiyochoka kuota. Mtu akiliacha shamba lake majuma machache bila kulifyeka, hulikuta limekuwa la nguruwe. Katika nchi kavu mkulima huliombea wingu, lakini katika nchi ya Rungwe mkulima huyaombea makali ya panga lake.

Bwana Joseph Thomson, Mwingereza wa Scotland, alipita katika nchi iliyo kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879, akazisifu sana nyumba za Wanyakyusa, jinsi zilivyojengwa kwa ustadi na kuwekwa safi. Nyumba hizo zilikuwa za mianzi. Sasa, ye yote aliyepata kukata mwanzi ajua kwamba hauvunjwi kwa mkono wala haukatwi kwa jiwe. Kila nyumba aliyoiona Thomson ilikuwa ushuhuda kwamba chuma kikali kilikuwamo nchini.

Lakini chuma hicho hakikuzaliwa hapo. Wanyakyusa walikuwa watu wa ng'ombe na ndizi na maharagwe. Vitu viwili vikubwa vya nyumbani walivipata sana kwa majirani. Vyungu vya kupikia vilitoka kwa Wakisi, wanaokaa ukingoni mwa ziwa karibu na Matema, ambao wanawake wao ni wafinyanzi hodari hata leo. Majembe, mikuki na chuma cha visu vilitoka hasa kwa Wakinga, wanaokaa juu ya milima mirefu ya upande wa mashariki, ambayo wageni waliiita Milima ya Livingstone. Basi chakula cha Mnyakyusa kilipandwa kwa chuma cha Mkinga na kupikwa katika chungu cha Mkisi. Mtu akisema kwamba kabila lake zamani lilijitosheleza kwa kila kitu, na atazame jikoni kwa bibi yake kabla ya kusema.

Masimulizi ya wazee huiunganisha nchi ya Rungwe na Ukinga kwa namna ya ndani zaidi kuliko biashara. Kati ya mwaka 1934 na 1938 wataalamu wawili, Bwana Godfrey Wilson na mkewe Bibi Monica Wilson, walikaa miongoni mwa Wanyakyusa wakaandika masimulizi hayo. Wazee waliwaambia kwamba ukoo wa watawala ulishuka kutoka Ukinga, ukaja na ng'ombe na moto, na ya kuwa wenyeji waliowakuta walikuwa wakila chakula kibichi. Huko Lubaga palikuwa mahali patakatifu pa Lwembe, na zamani makuhani wa Ukinga walikuwa wakishuka kuja kutambika pamoja na watu wa huko, na katika vitu walivyoleta yalikuwamo majembe ya chuma. Hatusemi kwamba kila neno la masimulizi lapaswa kushikwa kama lilivyo. Tena watu wengine hawapendi kusikia kwamba babu zao walikula vibichi. Lakini twaona jambo moja waziwazi: katika fikira za wazee, moto na chuma na utawala vilishuka kwa njia ile ile moja ya mlimani.

Na njia hiyo ilikuwa ngumu. Ukinga ni nchi ya baridi, yenye miteremko mikali, na zamani ng'ombe wake walikuwa wachache. Rungwe na tambarare ya Kyela zilikuwa na chakula kingi. Mkinga alishuka na majembe begani, akapanda tena na chakula. Wala si kwa Wanyakyusa peke yao alikouza. Katika nchi nyingi za kusini-magharibi jembe la chuma lilipokelewa kama fedha ipokelewavyo leo, na mahali pengine lilihesabiwa hata katika mahari. Tusiwawazie watu hawa kama tajiri na maskini. Mmoja alikuwa na chuma na njaa, na mwingine alikuwa na shibe na mikono mitupu, na kila mmoja alikuwa dawa ya mwenzake.

Sasa mtatuuliza, mbona twasema majembe, na hali tuliahidi habari za visu? Sababu yake ni hii: zamani jembe lilikuwa mama wa kisu. Chuma kilikuwa ghali mno kutupwa. Jembe lililokwisha kulika kwa udongo halikutupwa jaani, bali lilipelekwa kwa mhunzi wa kijijini, naye akalitia motoni akalifua kuwa kisu. Kisu kilichokwisha kulika kwa kinoo kilifuliwa tena kikawa kitu kidogo zaidi, wembe au shazia. Kipande kimoja cha chuma kiliweza kumtumikia babu kama jembe, na baba kama kisu, na mjukuu kama wembe wa kunyolea.

Kwa hiyo twapaswa kutofautisha kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kazi ya kwanza ni kuyeyusha, yaani kutoa chuma katika mawe yake. Kazi ya pili ni kufua, yaani kukipa chuma umbo kwa moto na nyundo. Kuyeyusha kulikuwa kwa wachache, kwa siri, mbali na vijiji. Kufua kulikuwa karibu na watu, kibandani, mbele ya macho ya watoto waliokuja kutazama cheche. Shikeni tofauti hiyo, maana mwisho wa hadithi yetu wote umo ndani yake.

Ili tuielewe kazi ya kwanza, twende kidogo Ufipa, upande wa kaskazini-magharibi, kwa kuwa kuyeyusha kwa Wafipa kumeandikwa vizuri. Wafipa walijenga tanuri la udongo lenye kimo cha mita 3 hivi, ambalo waliliita ilungu. Walilijaza makaa na mawe ya chuma kwa tabaka, kisha wakaliwasha. Ajabu yake ni kwamba tanuri hilo halikuvuviwa kwa mvukuto. Chini yake palikuwa na matundu kuzunguka pande zote, na hewa ya moto ilipopanda juu, hewa mpya ilivutwa kuingia kwa matundu yale yenyewe. Moto uliwaka siku kadha mfululizo. Jiwe la chuma ni chuma kilichofungamana na hewa iitwayo oksijeni, na kazi ya makaa ni kuiondoa hewa hiyo na kukiacha chuma peke yake.

Kilichotoka si maji ya chuma yamiminikayo, kama wengi wadhanivyo. Kilikuwa bonge zito lenye matundu, lililochanganyika na takataka ambazo wahunzi huziita mavi ya chuma. Wafipa walilitia bonge hilo mara ya pili katika tanuri dogo, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika, hata chuma kikasafika na kufaa kufuliwa. Mtu aendaye Ufipa leo aweza bado kuyaona matanuri marefu ya zamani yamesimama porini, mengine yamevunjika nusu, nyasi zimeota ndani.

Kazi hiyo ilizungukwa na miiko mingi. Bwana mkuu wa tanuri alikuwa na kikapu chake cha dawa. Wafanya kazi walijitenga na wake zao. Tanuri jipya lilipambwa kama bibi arusi, na chuma kilichotoka ndani yake kilihesabiwa kama mtoto. Wanafunzi wengine hucheka wasikiapo mambo haya. Wasicheke upesi. Kazi ya siku nyingi, yenye watu wengi, ambayo ikiharibika huteketeza makaa ya msitu mzima bila kutoa hata jembe moja, hapana budi iwe na utaratibu mkali na mkuu mmoja anayesikilizwa. Miiko ilikuwa ndiyo sheria ya kiwanda. Lakini miiko ilikuwa pia kufuli. Aliyekuwa hamo katika ukoo au urafiki wa wayeyushaji hakujifunza, na wayeyushaji walipozeeka, ujuzi ulizeeka nao.

Basi, ni nini kilichoizima mioto ile? Jibu lilikuja kwa njia ya maji. Mwaka 1875 meli ya moshi iitwayo Ilala iliingia Ziwa Nyasa. Katika miaka ya 1880 Kampani ya African Lakes ilikuwa na duka huko Karonga, mwendo wa siku chache tu kutoka Rungwe. Mwaka 1891 wamisioni wa Kanisa la Moravian walifika Rungwe, na katika mwaka ule ule wakafika pia wamisioni wa Berlin wakiongozwa na Bwana Merensky. Mwaka 1893 Wadachi, yaani Wajerumani, walitia majini meli yao iitwayo Hermann von Wissmann. Baadaye kidogo serikali yao ikahamishia boma lake kutoka ukingoni mwa ziwa mpaka vilimani, mahali walipopaita Neu-Langenburg, ndipo Tukuyu ya leo. Kila meli na kila duka lilileta vitu vya viwanda vya Ulaya, na majembe na visu vilikuwa miongoni mwa vitu hivyo.

Hebu tupige hesabu. Tanuri lilidai watu wa kuchimba mawe, watu wa kukata miti, watu wa kuchoma makaa, watu wa kufinyanga na kujenga, kisha siku za kuyeyusha, kisha siku za kufua. Jembe la Ulaya lilitoka katika mashine mia kwa mia, likapakiwa melini kama kuni. Hata likiisha kulipiwa nauli ya bahari na ya ziwa, na faida ya mwenye duka, bado liliweza kuuzwa kwa bei ambayo mwenye tanuri hakuiweza. Hakuna aliyeshindwa kwa ujinga hapa. Kilichoshinda ni bei.

Na hapa twataka kusema jambo kwa haki, bila kupendelea upande. Mama wa Rungwe aliyenunua jembe rahisi alipata faida ya kweli. Alilima shamba kubwa zaidi, wala hakungoja Mkinga ashuke. Tukimwambia kwamba alikosea, twamdhulumu. Lakini faida ile ile ilikuwa hasara juu ya mlima. Mkinga ambaye baba yake alishuka na chuma, sasa alishuka na mikono yake tu kutafuta kazi ya ujira, kwa kuwa kodi ya serikali ilidaiwa kwa fedha. Ndivyo ilivyo katika mabadiliko mengi ya biashara: heri ya mmoja na shida ya mwingine hupanda meli moja. Lakini watu wale hawakupoteza akili ya biashara iliyowapitisha milimani vizazi vingi. Leo Wakinga wajulikana katika Tanzania nzima kuwa wafanya biashara hodari, toka Tunduma na Mbeya mpaka Kariakoo katika Dar es Salaam. Walioacha kubeba majembe hawakuacha kubeba bidhaa.

Mioto ya kuyeyusha haikuzimika yote siku moja. Mwaka 1937 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapa habari za kuyeyusha chuma Ufipa, zilizoandikwa na Bwana Greig. Lakini jambo linaloandikwa na mgeni kama ajabu ni jambo linaloelekea kwisha. Na ujuzi uliokwisha ni mgumu sana kurudishwa. Huko Buhaya, katika mwaka 1976 na miaka iliyofuata, mtaalamu wa mambo ya kale aitwaye Peter Schmidt aliwaomba wazee wajenge tena tanuri kama la ujana wao. Miaka mingi mno ilikuwa imepita tangu wazee wale waache kazi hiyo, nao walihitaji kujaribu na kujaribu tena, na kukumbushana jambo baada ya jambo, kabla chuma hakijatoka vizuri. Katika miaka ya 1990 wataalamu Bertram Mapunda na Randi Barndon walifanya uchunguzi wa namna hiyo Ufipa, na Bi Barndon akachunguza pia Upangwa, wakiwauliza wazee walioyakumbuka matanuri. Kama wangalichelewa kidogo, wangaliyakuta matanuri bila mtu wa kuyasemea.

Hiyo ndiyo kazi iliyokufa. Sasa tuje kwenye kazi iliyokataa kufa.

Mtu angedhani kwamba tanuri likizimika, kibanda cha mhunzi pia kitafungwa. Haikuwa hivyo, na sababu yake ni rahisi. Mhunzi wa kijijini hakuwa akitegemea mawe ya chuma. Alikuwa amezoea kuchukua kitu kizee na kukifanya kipya. Kwake majembe ya Ulaya yaliyolika yalikuwa chuma tu kama majembe ya Ukinga yaliyolika. Kisha vikaja vyuma vingine. Dhahabu ya Lupa ilipogunduliwa mwaka 1922, na mji wa Mbeya ulipoanzishwa mwaka 1927, malori yaliongezeka katika njia za nchi hii, na barabara za milima hazina huruma kwa lori. Springi zilivunjika. Dereva aliitupa springi kando ya njia, naye mhunzi akaiokota.

Springi ile ilikuwa bora kuliko chuma chote cha zamani. Chuma cha matanuri kwa kawaida kilikuwa laini, kwa kuwa kilikuwa na makaa kidogo ndani yake. Kisu chake kilinolewa upesi, lakini makali yalikwisha upesi pia. Springi ya motakaa ni chuma cha pua: katika kila sehemu 1,000 yaweza kuwa na sehemu 6 hivi za makaa, na kwa ajili ya uchache huo wa makaa chuma hukubali kufanywa kigumu kwa moto na maji. Basi mhunzi aliyenyang'anywa tanuri alipewa chuma cha pua bila kutazamia.

Twende sasa tukaingie katika kibanda cha namna hiyo, nyuma ya nyumba ya mtu, chini ya paa la bati au la majani. Kibanda ni kidogo, na vitu vyake ni vichache: shimo la moto lenye makaa ya miti, mvukuto, koleo, nyundo mbili, tindo, tupa, na fuawe ambayo mara nyingi ni kipande cha reli au chuma kinene kilichopigiliwa katika gogo. Mvukuto wa zamani ulikuwa wa ngozi mbili za mbuzi, na kijana alizikandamiza kwa zamu ili pumzi isikatike. Siku hizi wengine huzungusha pangaboi kwa gurudumu la baiskeli. Pumzi ni ile ile.

Mhunzi hulikata bamba la springi kwa tindo likiwa jekundu, kisha hulirudisha motoni. Yote yategemea jicho. Chuma kikipoa mno na kupigwa, huingia ufa usioonekana, nacho kitavunjika siku ya kazi. Kikipata moto mno hata kikatoa cheche kama fataki, kimeungua, wala hakuna dawa tena. Mhunzi hupenda kibanda chenye kivuli, si kwa kuogopa jua, bali rangi ya moto haionekani vema penye mwanga. Hupiga, hurudisha, hupiga tena, hata bapa likanyoka, ncha ikatokea, na upande wa nyuma ukavutwa kuwa msuka utakaoingia katika mpini.

Kisha hukifukia kisu katika majivu kipoe polepole, ili kilainike na kukubali tupa. Hukichonga kwa tupa mpaka umbo likamilike, lakini makali hayatolewi membamba bado. Ndipo huja saa ya hatari. Kisu hutiwa motoni mpaka kiwe chekundu sawasawa toka shina hata ncha, yaani joto la vipimo 800 hivi vya Sentigredi, halafu hutumbukizwa majini au katika mafuta, wima, bila kuyumba. Kikiingia upande, hupinda. Kikiwa na ufa, hulia sauti moja kali kikapasuka, na kazi ya asubuhi nzima imekwisha.

Kikitoka salama, ni kigumu mno, tena ni dhaifu kama kigae. Kikianguka juu ya jiwe kitavunjika. Kwa hiyo mhunzi husugua bapa lake kwa jiwe mpaka ling'ae, akakirudisha karibu na moto kwa upole, akitazama rangi zinavyotembea juu ya chuma. Kwanza huja rangi ya majani makavu, kisha hudhurungi, kisha buluu. Kisu cha kuchinjia na cha kupogolea huondolewa katika rangi ya kwanza, ili makali yake yadumu. Panga, ambalo litagonga visiki na mawe, hungojewa mpaka karibu na buluu, ili lisikatike. Hakuna kipimo mkononi mwake wala saa ukutani. Aonyeshaye ni jicho, na jicho lilifundishwa na jicho jingine.

Mwisho ni mpini. Mti mgumu mkavu huchaguliwa, kama mpera, hutobolewa, na msuka huingizwa ukiwa wa moto ili ujichomee nafasi yake. Noleo la chuma hutiwa shingoni mpini usipasuke. Kisu hunolewa juu ya kinoo, hupanguswa, hupakwa mafuta kidogo, kwa maana katika mvua ya Rungwe kutu hailali.

Serikali ya Tanzania huru nayo ilijaribu kuwapa wakulima zana zilizotengenezwa nchini. Kiwanda cha UFI kilijengwa Ubungo, Dar es Salaam, kwa msaada wa China, na wakulima wengi wa miaka ya 1970 na 1980 wayakumbuka majembe yake. Huko Mbeya kilikuwapo kiwanda cha Zana za Kilimo, kilichojulikana kwa herufi ZZK. Viwanda hivyo vilifanya kazi njema, lakini havikudumu. Mwaka 1973 liliundwa pia shirika la SIDO la kuhudumia viwanda vidogo. Twaona basi kwamba viwanda vikubwa vilikuja vikaondoka, na kibanda cha nyuma ya nyumba kikaendelea kutoa moshi.

Kwa nini kibanda kilidumu, na tanuri halikudumu? Tumekwisha kusema kwamba tanuri lilishindwa na bei. Lakini twaona sababu ya pili. Ujuzi wa tanuri ulikuwa umefungwa kwa chuma cha namna moja, kwa mahali pamoja, na kwa watu wachache. Ujuzi wa mhunzi ulikuwa katika jicho na mkono, nao uliweza kuhama toka jembe la Ukinga hata jembe la Ulaya, toka jembe la Ulaya hata springi ya lori. Mwenye ujuzi wa namna hiyo hakosi chuma. Lakini tusijidanganye kwamba yu salama. Kazi yake haiuawi tena na meli, bali yaweza kuuawa na jambo dogo zaidi: mwaka mmoja tu ambao hapatikani kijana wa kukandamiza mvukuto. Wazee wa Buhaya walitufundisha jinsi ilivyo taabu kukumbuka kwa maneno jambo ambalo mkono umeacha kulitenda.

Wengine huwaambia watoto wao kwamba kazi ya makaa ni ya mtu aliyeshindwa shule. Sisi twasema ya kwamba mtu awezaye kusoma joto la chuma kwa rangi yake ni msomaji kweli kweli, na kitabu chake hakijafungwa. Mwanafunzi aliyejifunza shuleni habari za oksijeni na za makaa angefanya vema kwenda kibandani ajionee yale aliyoyasoma, na mhunzi angefanya vema kumsikiliza mwanafunzi. Mmoja ajua sababu, na mwingine ajua namna. Walihitajiana hivyo zamani Mnyakyusa na Mkinga, kila mmoja akiwa na nusu ya kile kilichotakiwa.

Basi, kesho asubuhi ukishika panga lako kwenda kufyeka, lipindue ulitazame shingoni, pale bapa linapoingia katika noleo. Pengine utaona bado mkunjo mdogo wa springi uliokataa kunyoka kabisa. Na ukipita njiani ukasikia nyundo ikilia nyuma ya nyumba ya mtu, usipite tu. Ingia, mwamkie mzee kwa heshima, mwambie "Ugonile", na kama mvukuto hauna mtu, ukandamize.

Kwaherini.